Dar hadi Tanga bila petroli

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji haikuhesabu njia kwa umbali peke yake. Ilihesabu zaidi kwa maji na chakula. Kiongozi wa msafara alitaka kujua kisima kinachofuata kiko wapi, kijiji gani kina nafaka ya kuuza, na mwenyeji gani atawapokea. Akishayajua hayo, ndipo wapagazi walipojitwika mizigo. Petroli ilitusahaulisha adabu hiyo ya safari. Mwenye gari la mafuta hujaza tangi, hufunga vioo, na anaweza kuvuka mikoa miwili bila kumtolea mtu salamu.

Familia yangu ina miezi miwili sasa tangu kumiliki gari jipya la umeme, la viti vitano. Ndugu kadhaa wameniuliza mambo yake baada ya swala, na wengine wameuliza kupitia wake zao. Nimeona afadhali nijibu hapa, kwa kuisimulia safari yetu ya kwanza ya mbali, kutoka Dar es Salaam hadi Tanga, kwani barabara ndiyo iliyotufundisha gari hili ni kitu gani.

Kwanza niseme ya nyumbani. Betri ya gari letu hubeba uniti 60, uniti zile zile tunazozinunua kwa LUKU. Kwa soketi ya kawaida ya ukutani, betri tupu huhitaji zaidi ya siku nzima kujaa. Kwa hiyo huchajiwa kidogo kidogo kila usiku, kama simu. Kabla ya usiku wa kwanza tulimwita fundi umeme, akavuta waya mnene kutoka kwenye swichi kubwa, akauwekea swichi yake ya kujikata yenyewe na waya wa ardhini. Nasisitiza jambo hilo kwa kila mwenye familia. Soketi iliyozoea feni na pasi haikutengenezwa kubeba mzigo mzito kwa saa kumi mfululizo watu wakiwa wamelala.

Kuhusu gharama, mjini gari hutumia takriban uniti 16 kwa kilomita 100. Kwetu uniti moja ni karibu shilingi 360, hivyo kilomita 100 hutugharimu chini ya shilingi 6,000. Gari letu la zamani lilikunywa lita tisa kwa mwendo huo, na kwa bei ya wakati huo ya karibu shilingi 2,800 kwa lita, hiyo ilikuwa zaidi ya shilingi 25,000. Hatusubiri tena kwa wasiwasi bei za EWURA za Jumatano ya kwanza ya mwezi. Hata hivyo, haki itendeke katika hesabu. Bei ya kununulia ilikuwa kubwa kuliko ya gari la mtumba la petroli, nasi tulilipata kwa mkataba wa murabaha tutakaoulipa kwa miaka minne. Aidha, nyumba inayotumia umeme kidogo, usiozidi uniti 75 kwa mwezi, hupata bei nafuu. Gari likishachomekwa, nafuu hiyo huondoka.

Safari yenyewe ilikuwa na sababu. Mama mkwe wangu anaishi Ngamiani, Tanga, na macho yake yote mawili yameingia mtoto wa jicho. Daktari alimpangia siku ya kuonwa Dar es Salaam. Lakini kwa miaka sita mama huyu hajasafiri. Harufu ya dizeli humchafua moyo tangu basi halijatoka stendi, na mara ya mwisho alifika kwetu akiwa hoi, akalala siku mbili. Alikuwa amekwisha kutuambia kwamba yuko tayari kubaki na kiza chake kuliko kupanda tena basi. Wajukuu wake wawili wadogo hajawahi kuwaona kwa macho yaliyo safi.

Tuliondoka baada ya swala ya Alfajiri, betri ikiwa imejaa, mimi, mke wangu na watoto watatu. Skrini iliahidi kilomita 420. Njia tuliyoichagua, ya Bagamoyo na Msata, ni ya zaidi ya kilomita 300. Kwa karatasi, safari ilikuwa imekwisha kabla ya kuanza.

Ukimya ndio uliotushangaza kwanza. Tulipita Bunju na Mapinga tukizungumza kwa sauti ya sebuleni. Lakini ukimya huo una hatari yake, na wazazi waijue: watoto wanaokwenda madrasa kandokando ya barabara hawasikii gari likija. Katika mwendo mdogo gari hutoa mlio hafifu, ambao kelele za bodaboda huumeza. Dereva wa gari la namna hii anapaswa kuwa macho na masikio ya wenzake pia.

Bagamoyo tulikunja kwenda Kaole, tukawaonesha watoto magofu ya msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13. Kisha tukashika barabara ya Msata. Hapo ndipo skrini ilipoanza kubadili maneno. Mwendo wa kilomita 90 kwa saa, kiyoyozi, mizigo, na jua la saa tano asubuhi, kila kimoja kilidai fungu lake. Kila tulipokwenda kilomita kumi, ahadi ilipungua kilomita kumi na tatu. Tulipoteremka kuelekea mto Wami, hesabu iligeuka. Gari la umeme likishuka mlima, au dereva akiondoa mguu kwenye pedeli, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Watoto walishangilia walipoona kilomita zinaongezeka. Mtoto wa pili hakushangilia, kwani mkokoto ule wa ghafla ulimtia kichefuchefu. Nikapunguza nguvu yake kwenye skrini, naye akatulia. Nikaweka hilo akilini kwa ajili ya bibi yake.

Tulifika Kabuku tukiwa na asilimia 28. Skrini ilisema kilomita 95. Tanga ilikuwa mbele yetu kwa kilomita 100 hivi, na hakukuwa na kituo cha kuchajia njiani.

Adhuhuri ilikuwa imeingia. Tukasimama kwenye msikiti mdogo wa kando ya barabara, tukaswali. Baada ya swala nilimweleza mzee mmoja wa pale haja yetu. Alidhani nataka kuchaji simu. Nilipomwonesha gari, alilizunguka akatafuta ekzosi, asiione, akacheka.

"Chomeka, ustadh," akasema. "Umeme ni wa Mwenyezi Mungu."

"Ni wake, mzee wangu," nikamjibu, "lakini LUKU ni ya waumini."

Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti, na najua LUKU ya msikiti inavyopatikana. Hutoka katika sanduku la Ijumaa, katika mia tano ya mama muuza vitumbua na elfu moja ya kijana wa bodaboda, ili watu wapate taa na maji ya udhu. Msafiri kupewa maji ni jambo moja. Kuingiza mali ya waumini katika betri ya gari lake ni jambo jingine. Nikaomba namba ya mita, nikanunua LUKU ya shilingi 5,000 kwa simu, na mzee akavaa miwani, akaziingiza tarakimu 20 mojamoja huku mwanangu wa kwanza akimsomea. Mita ilipozikubali, ndipo tulipochomeka. Kwa kuwa nyaya zilikuwa za zamani, nilipunguza nguvu ya kuchaji, na kila baada ya muda niliigusa plagi kuona kama imepata joto.

Saa mbili zilitupa karibu uniti nne, yaani kilomita ishirini na ushei. Ni kidogo mno, na anayefikiria kununua gari la namna hii aikumbuke hesabu hiyo. Lakini saa mbili zile hazikupotea. Mke wangu alikaribishwa uji katika nyumba ya jirani, watoto wakacheza chini ya mwembe, nami nikakaa barazani na wazee tukajuliana hali za misikiti yetu. Miaka yote niliyopita Kabuku, sikuwa nimemjua mtu hata mmoja.

Tulizima kiyoyozi, tukaenda kilomita 60 kwa saa. Kutoka Segera, kupitia Hale na Muheza, barabara huteremka kuifuata bahari, na mteremko huo ulituhurumia. Tuliingia Ngamiani tukiwa na asilimia 11, alhamdulillah.

Tulikaa siku tatu, gari likichajiwa usiku kwa LUKU tuliyoinunua wenyewe. Asubuhi ya kuondoka mama mkwe alikaa kiti cha mbele, kitambaa chenye karafuu kikiwa puani, akajitayarisha kwa taabu. Tukatoka taratibu getini.

"Washeni basi gari, wanangu, jua linapanda," akasema.

Tulikuwa tumekwisha kufika barabara kuu. Alipoambiwa, alikishusha kitambaa, akavuta pumzi kwa uangalifu, kama mtu anayeonja chumvi, kisha akakikunja na kukitia mfukoni. Kabuku tulipumzika kwa wazee wetu wale wale, LUKU kwanza, kisha plagi, na safari hii tulikaa saa nne kwa sababu njia ya kurudi hupanda. Alishuka kwetu Dar es Salaam usiku akiwa mzima, akaomba chai.

Ndugu msomaji, ukitaka kununua, jiulize mambo matatu. Je, nyumba yako ina umeme wa kuaminika na nyaya za kuubeba mzigo huo? Je, safari zako nyingi ni za mjini? Kama ndivyo, gari hili litakupa nafuu kila siku. Tatu, je, una subira ya njia ndefu? Vituo vya kuchaji kwa haraka bado havijaenea katika barabara zetu, ingawa umeme nchini umeongezeka tangu kukamilika bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115. Kwa sasa, mwenye gari la umeme hawezi kusafiri bila watu. Atawahitaji, atawasalimu, na hana budi kulipa haki yao kabla ya kuchomeka.

Jicho la kwanza la mama limekwisha kufanyiwa upasuaji. La pili, insha'Allah, ni mwezi ujao.