Mgonjwa wa Barazani

Miaka ya utoto wangu, kwetu Buseresere kulikuwa bado chini ya Wilaya ya Biharamulo, Mkoa wa Kagera. Wilaya ya Chato ilikuja 2005, na Mkoa wa Geita ukafuata 2012. Kuwa mtu wa Kagera kulikuwa na uzito wake, maana wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani humo mwaka 1983, na ukifika Mwanza ukasema umetoka Kagera, kuna waliokuangalia mara mbili. Bukoba waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la kitambaa cha magendo kilichotoka Uganda. Sisi wa upande huu, wengi wetu Wasukuma tuliohamia na ng'ombe na mbegu za pamba, hatukuupa jina. Mtu akikuambia, "Fulani anaumwa," akaishia hapo, ulikuwa umeshaelewa.

Mama yangu aliumwa hivyo, akafariki 1988. Baba alikuwa ametangulia. Nikabaki kwa bibi mzaa mama, na kwa kuwa imani yangu yote imeanzia katika chumba alicholala mama, sitaki kukipita haraka.

Kilikuwa na dirisha dogo lililozibwa kwa gunia. Mama alilala juu ya ngozi ya ng'ombe, na bibi alimgeuza mchana na usiku, akimpaka samli pale mgongo ulipoanza kuchubuka. Siku moja walikuja watu wa maombi. Walikuwa watu wema, wametembea kwa miguu kutoka mbali, wakaomba kwa nguvu hadi alfajiri. Kulipokucha mama alikuwa vilevile. Mmoja wao akamwambia bibi mlangoni kwamba Mungu ameahidi uponyaji, kwa hiyo uponyaji usipokuja, shida ni imani ya mgonjwa. Nilikuwa nimesimama hapo na ndoo. Bibi hakubishana naye. Alisema, "Mwanangu imani anayo. Alichokosa tangu usiku ni maji ya kunywa, maana mlijaa mlangoni nikashindwa kupita." Kisha akanigeukia: "Mjukuu wangu, nenda kachote."

Nimesikia mahubiri mengi kuhusu ahadi za Mungu tangu siku ile. Mengi yamenijenga, mengine yameniumiza, na yote nimeyapima kwa maneno yale ya bibi.

Huwezi kuelewa mahubiri ya ukanda huu bila kuelewa duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Serikali ilipoanza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo kupitia benki, vijana walimiminika. Barabara ya kutoka Geita kupitia Katoro na kwetu kwenda Bwanga na Biharamulo ilikuwa ya vumbi jekundu, na kila lori lililopita lilishusha watu: Wanyaturu, Waha, Wajita, Wakurya, Wahaya, kila mmoja na kifurushi, moko na nyundo. Wengine waliendelea Rwamagasa, wengine Nyarugusu. Walishuka chini ya ardhi kwa kamba, wakaweka matimba ya miti ili udongo usiwafunike, wakakata mwamba kwa mwanga wa tochi. Mawe yakatwangwa, unga wake ukaoshwa, zebaki ikamwagwa kwenye karai kwa mikono mitupu. Mwenye bahati aliondoka na pointi kadhaa za dhahabu zilizofungwa kwenye karatasi ya sigara, na asiye na bahati aliondoka na kikohozi.

Katika hali kama hiyo mtu anataka sana kusikia kwamba Mungu atamfungulia mwamba. Walikuja wahubiri waliolijua hilo. Mmoja wao, simtaji jina, alikuwa akiombea maduara kwa sadaka: unatanguliza ulichonacho, naye anatamka baraka juu ya shimo. Vijana walitoa mpaka nauli ya kurudia kwao. Nasema kwa uchungu, kwa sababu walitoa kwa moyo safi, na shimo liliporudisha kifusi kitupu waliamini Mungu amewakataa. Mtu kupoteza fedha ni jambo dogo. Kumwondolea kijana aliye mbali na kwao uhakika kwamba anapendwa na Mungu ni jambo kubwa, na sijui kwa nini hatulilaani kwa sauti ile ile tunayolaani wizi.

Bibi alikuwa na namna nyingine kabisa ya kushika ahadi. Alizaliwa upande wa Shinyanga, akajifunza kusoma Kolandoto, kwenye misheni ya Africa Inland, na Biblia yake ilikuwa ya Kisukuma, ile iliyotoka kamili mwaka 1960. Jalada lilikuwa limebanduka akalishona kwa uzi wa gunia. Jioni, baada ya ugali wa udaga, aliomba kwa sauti huku macho yamefunguka, akiangalia vyungu vyake. Aliomba chumvi. Aliomba mafuta ya taa, kiberiti, mvua kwa ajili ya mihogo, ahueni kwa mgongo wa jirani. Alivitaja kimoja kimoja, kama mtu anayemwagiza mwanawe mtiifu aendaye gulioni. Chumvi ikipatikana alimshukuru Mungu kwa chumvi. Isipopatikana tulikula bila chumvi, na kesho yake aliiomba tena bila kununa. Mimi niliyekuwa nimezika wazazi wote wawili nilimtazama nikajiuliza anapata wapi uhakika huo. Aliponisomea Zaburi ya 27, pale Daudi anapotaja kuachwa na baba na mama, hakunieleza chochote. Alinisomea, akafunga kitabu, akanisuka nywele.

Mwaka 1992, wakati wa palizi ya pamba, wachimbaji wawili walifika na baiskeli kwenye kanisa letu la Africa Inland (AIC). Kwenye keria walikuwa wamemfunga mwenzao kwa mpira wa tairi asianguke, na chini yake wameweka gunia lililokunjwa. Wakamlaza barazani. Walisema ni mtu wa Singida, amekuwa akiharisha kwa miezi, na kule machimboni hakuna anayetaka kulala naye kambi moja. Waliacha sufuria yake, shuka moja na noti chache, wakaondoka. Siwalaumu. Mmoja wao alikuwa analia.

Mchungaji alikuwa safarini. Wazee wa kanisa walijadiliana chini ya mwembe kwa muda mrefu: apelekwe hospitali ya Biharamulo, lakini kwa gari gani? Arudishwe kwao, lakini nani atamsindikiza? Na watoto wanaosoma Shule ya Jumapili pale barazani je? Lilikuwa swali la haki, kwa kuwa wakati ule wengi wetu hatukujua ugonjwa unaambukizwa vipi na hauambukizwi vipi. Wakati wanajadiliana, bibi alitoka shambani na jembe begani, akapita, akamwona. Aliweka jembe chini, akamshika paji la uso. "Mwadila, baba," akamsalimia. Yule kijana, ambaye hakujua Kisukuma, aliitikia kwa Kiswahili, "Shikamoo, mama."

Nilimuuliza bibi baadaye kama hakuogopa. Akanieleza kwamba Kolandoto kulikuwa na makazi ya wakoma, na yeye, msichana mdogo, alikuwa akitumwa kuwapelekea uji. Aliona wauguzi wakiwaosha miguu isiyo na vidole. "Tangu pale," alisema, "sijawahi kumwogopa mtu kwa sababu ya mwili wake."

Akina mama wa kanisa wakapeana zamu. Hapakuwa na glovu, wakavaa mifuko ya plastiki mikononi na kuifunga kwa uzi. Kazi ngumu zaidi ilikuwa kufua, maana shuka ilichafuka mara kwa mara, na sabuni ilikuwa kipande cha kugawana. Hapo ndipo alipoingia jirani yetu Mwislamu, mke wa fundi baiskeli, tuliyemwita Mama Fundi. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya kanisa. Asubuhi ya pili tulikuta pipa la maji ya moto limewekwa kando ya baraza, na yeye amechutama anachochea kuni. Hakuna aliyemwita. "Yule ni mgeni," alisema. "Na mgeni ana Mungu wake." Kila asubuhi maji yalikuwa tayari.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kumnywesha uji wa mtama, kwa kijiko, polepole, kwa kuwa mdomo ulikuwa umejaa vidonda. Siku alizopata nafuu alizungumza. Alituambia alitaka kupata fedha za kumwezekea mama yake nyumba ya bati. Alikuwa miongoni mwa wale waliotoa sadaka kwa ajili ya duara. Siku moja alimuuliza bibi swali ambalo naamini alikuwa amelibeba tangu machimboni: je, Mungu anamjua yeye hasa, au anawajua watu kwa jumla?

Bibi hakumfungulia Maandiko. Alimuuliza, "Mama yako anaitwa nani?" Akamtajia. Kuanzia jioni ile bibi alimwombea kama mtoto wa mama yule, kwa jina, na alipomaliza alimwambia, "Mungu amesikia jina la mama yako kabla hujazaliwa, seuze la kwako." Niliona uso wa kijana yule. Alifumba macho, akavuta pumzi ndefu, akalala bila kuweweseka.

Alifariki kabla pamba haijafunguka. Tulikuwa tumemwombea apone, tena sana, na hakupona. Kuna watu wangependa nieleze hapo kwa nini. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba Yesu aliposema habari za shomoro hakuahidi kwamba shomoro haanguki. Alisema Baba yupo anapoanguka. Pale barazani nilimwona Baba yupo, kwa sababu kijana aliyeletwa kama mzigo alizikwa kama ndugu, kwa jeneza la mbao, na wanaume walewale waliojadiliana chini ya mwembe ndio waliochimba kaburi na kulia.

Miaka mingine ilikuwa migumu zaidi. Rais Mkapa alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa siku ya mwisho ya 1999, na dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Kwa wengi wetu zilichelewa, lakini mmoja wa wanawake waliokuwa wakimfulia kijana yule yu hai leo kwa sababu ya dawa hizo, anazimeza kila siku na kumshukuru Mungu kwa kila kidonge, na nampenda kwa kutoona mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili. Februari 2013 jina la Buseresere lilisikika nchi nzima kwa sababu mbaya, ule ugomvi wa nani achinje nyama, kati ya Wakristo na Waislamu, ambao mchungaji aliuawa. Nilikuwa tayari naishi Mwanza. Nilisikiliza redio siku ile nikatamani mtangazaji angejua pia habari za pipa la maji ya moto.

Lakini nirudi kwa kijana wetu. Baada ya mazishi bibi alimsihi mchungaji aandike barua kwenda kwao, kupitia kanisa la kijiji alichokitaja. Hapakuja jibu. Bibi aliendelea kumtaja yule mama wa Singida katika maombi ya jioni, kati ya chumvi na mafuta ya taa, na mimi niliona kwamba barua imepotea na mambo yamekwisha.

Mwaka 1995 alishuka mwanamume kwenye basi, amevaa koti zito kwenye jua, akauliza kanisa liko wapi. Barua ilikuwa mfukoni, imekunjwa mpaka inachanika. Ilikuwa imezunguka, ikakaa kwa mtu asiyejua kusoma, ikafika mwishowe. Alikuwa kaka mkubwa. Tulimpeleka kaburini, akakaa kimya muda mrefu, kisha akatoa daftari la shule na kalamu. Akina mama walikusanyika. Swali lake la kwanza lilikuwa kama mdogo wake alikufa peke yake.

Wakamwambia. Nani alimshika mkono, ilikuwa saa ngapi, alisema nini. Aliandika yote. Alinigeukia mimi: "Uji mliompa ulikuwa wa ulezi au wa mtama?" Nikasema wa mtama, akaandika. "Mama atauliza," alisema.

Baada ya miezi barua ilitoka Singida. Yule mama alishukuru, halafu akaomba kitu kimoja: apelekewe majina ya wote waliomhudumia mwanawe, ili naye awe anawaombea kwa majina. Bibi hakuona vizuri tena kwa wakati ule, akaniita niandike mimi. Nilikaa na karatasi gotini nikaanza na lake. Akasikia kalamu inavyokwenda, akaniuliza nimeandika nini, nikamsomea.

"Futa hilo," alisema. "Anza na Mama Fundi. Yeye ndiye aliyekuwa anaamka kwanza."