Titusville, Mji wa Kisima cha Kwanza

Wasomaji wengi wa gazeti hili wamesoma vitabu vyao vya shule kwa mwanga wa taa ya mafuta, lakini ni wachache waujuao mji ambao uliifanya biashara ya mafuta ienee ulimwenguni. Mji huo ni Titusville, katika jimbo la Pennsylvania, nchi ya Marekani. Ni mji mdogo wenye watu 5,000 hivi, umezungukwa na vilima vya misitu, na kando yake hupita kijito kiitwacho Oil Creek, yaani Kijito cha Mafuta. Jina hilo halikutolewa bure, kwani tangu zamani Waseneca, wenyeji wa nchi ile, waliyaengua mafuta yaliyoelea juu ya maji wakayatumia kuwa dawa.

Mgeni afikapo, kwanza hupelekwa kwenye jumba la makumbusho lililo ukingoni mwa kijito. Hapo lipo banda la mbao lililojengwa kwa mfano wa lile la Edwin Drake. Bwana huyu alikuwa mtumishi wa garimoshi aliyeacha kazi kwa sababu ya ugonjwa. Wakuu wa kampuni yake walimwandikia barua kwa jina la "Kanali" ili watu wamheshimu, ingawa hakuwa askari. Mchanga ulipokuwa ukiporomoka shimoni, alipigilia bomba la chuma ardhini hata likafika mwambani, ndipo akachimba ndani yake. Tarehe 27 Agosti 1859 kisima kilifika futi 69 na nusu. Kesho yake, siku ya Jumapili, fundi wake William Smith, aliyekuwa mhunzi, alichungulia ndani ya bomba akayaona mafuta.

Si mbali na Titusville ni mahali paitwapo Pithole. Mafuta yalibubujika huko mwezi wa Januari 1865, na kabla ya mwaka kwisha watu kama 15,000 walikuwa wamekusanyika, na hoteli zilizidi 50. Kisha visima vikakauka, moto ukateketeza majumba, na hata ilipofika mwaka 1870 hawakubaki watu 300. Leo hapana nyumba hata moja ya siku zile. Kuna nyasi tu, nazo hufyekwa mahali zilipopita barabara, ili mgeni ajue kwamba hapo palikuwa na mji.

Lakini mbao za Pithole hazikupotea zote. Ukirudi Titusville utaonyeshwa nyumba ya Bwana Franklin Tarbell, aliyeinunua hoteli moja ya Pithole kwa dola 600, ingawa kuijenga kuligharimu dola 60,000, akaibomoa na kujenga nyumba ya jamaa yake kwa mbao zile. Humo alikulia binti yake Ida, aliyesoma sana hata akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1904, kikifunua jinsi kampuni ya Standard Oil ilivyowakandamiza wafanya biashara wadogo. Mwaka 1911 Mahakama Kuu ya Marekani iliamuru kampuni hiyo igawanywe.

Mwisho, mgeni huenda makaburini. Drake hakujiandikishia haki ya ufundi wake wa bomba, na fedha zake zilipotea katika biashara, hata mwaka 1873 serikali ya jimbo ikaamua kumlipa dola 1,500 kila mwaka apate kuishi. Alifariki mwaka 1880 katika mji mwingine. Baadaye mifupa yake ililetwa Titusville, nayo hulala chini ya ukumbusho mzuri wenye sanamu ya shaba ya mchimbaji mwenye nyundo. Heshima ilikuja, lakini ilimkuta amekwisha kufa.

Kwetu Kenya habari za mafuta zilisikika mwezi wa Machi 2012, kisima cha Ngamia 1 kilipochimbwa huko Turkana, karibu na Lokichar. Basi yatufaa kuitazama miji hii miwili ya Pennsylvania. Yote miwili ilipata utajiri ule ule kutoka ardhi ile ile. Mmoja umebaki nyasi, na mwingine ungali na nyumba, shule na watu wake. Mafuta hayana budi kwisha siku moja. Yatakayobaki ni yale tuliyoyajenga kwayo, na watoto tuliowasomesha.