Siku ya Harusi Uone

Paneli ipo ukutani, kushoto kwa mlango wa ukumbi, kimo cha kifua. Ukigusa hapa taa zinafifia, ukigusa pale pazia linafunguka na kiyoyozi kinawaka. Ndani ya kioo kile kuna ukurasa ambao wageni hawauoni. Fundi kama mimi huingiza namba ya siri ukafunguka, akasoma hali ya waifai inayobeba amri hizo. Kwa miaka mingi niliuamini ukurasa huo kuliko nilivyowaamini watu.

Jengo ni nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, Unguja, iliyogeuzwa hoteli. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene mno, na ua wa kati umeezekwa ukawa ukumbi. Mzee anayeuhudumia alinipigia simu mara tatu kwamba paneli haitii, unaibonyeza na taa haziitiki. Mara tatu nilikwenda asubuhi, ukumbi mtupu, nikafungua ukurasa wangu. Hasi 58.

Nguvu ya mawimbi husomwa kwa namba hasi, na kadiri inavyosogelea sufuri ndivyo inavyokuwa bora. Hasi 50 ni raha tupu, hasi 67 kazi bado inakwenda, ukifika hasi 80 unaokota makombo. Kila ikishuka kwa 10, nguvu iliyobaki ni sehemu moja tu ya kumi ya ile ya awali. Kwa hasi 58 sikuwa na la kutengeneza. Nilimwonesha Mzee mistari ya mawimbi imejaa, nikamwambia labda vidole vina unyevu.

"Wewe huja hapana watu," akanijibu kila mara. "Njoo siku ya harusi uone."

Nililichukua neno lile kama lawama, nikaondoka. Lilikuwa kipimo, tena sahihi kuliko changu.

Mara ya nne nilikwenda usiku wa harusi. Ukumbi umefurika, udi unafuka, kila mkono una simu. Ukurasa ukasoma hasi 71. Mwili wa binadamu sehemu kubwa ni maji, na maji hunywa mawimbi. Umati ule ulikuwa ukuta mwingine uliojengwa kati ya paneli na kisambazaji cha waifai kilichokuwa nje ya ukumbi. Hata hivyo, hasi 71 haikutosha kueleza ukaidi ule. Ndipo nikafanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza: nikafungua kompyuta na kutazama upande wa pili, kisambazaji chenyewe kinaisikiaje paneli. Hasi 82, na kelele za simu zote zile juu yake.

Siku zote nilikuwa nikisoma jinsi paneli inavyosikia. Sikuuliza inavyosikika. Kisambazaji kina nguvu, kama msemaji mwenye kipaza sauti. Paneli ni mtu wa safu ya nyuma anayejibu kwa koo lake tu. Kwenye waifai ujumbe wa kifaa kwa kifaa hudai jibu fupi la kwamba umepokewa. Jibu lisiporudi, ujumbe hurudiwa, na ukirudiwa mara kadhaa bila jibu huachwa. Mzee alibonyeza, paneli ikasema, ikarudia, ikanyamaza. Na mistari yangu imejaa.

Tulikisogeza kisambazaji hadi ndani ya ukumbi, tukaihamishia paneli kwenye masafa ya gigahezi 5 yenye msongamano mdogo. Kisha nikapunguza nguvu ya kisambazaji, kisipaze sauti mbali kuliko paneli inavyoweza kujibu. Nikamwendea Mzee kumwomba radhi. Alikuwa amekwisha kunieleza ugonjwa na saa unapopanda, mara tatu, nami nikashika namba.

Niliporudi nyumbani usingizi haukuja. Mama yangu yuko Wete, Pemba. Kila Ijumaa baada ya sala nampigia simu, namsikia vizuri kabisa, namweleza habari za watoto na kazi. Yeye hunijibu "haya mwanangu, haya," kisha huuliza tena lile nililokwisha kumweleza. Nilidhani ni uzee, anasahau. Mwaka mzima nimekuwa nikiwaambia ndugu zangu kwamba Mama anasahau.

Ijumaa iliyofuata nilimweleza kwamba binti yangu amefaulu, nikanyamaza kidogo, nikamuuliza, "Mama, nimekwambia nini?"

Kimya. Nyuma yake jogoo anawika, mtu anatwanga.

"Sikupati vizuri, baba," akasema taratibu. "Siku nyingi sikupati. Naona haya kukukatiza."

Jumatatu nilipanda boti ya Pemba. Nilimkuta barazani. Nikakaa karibu kabisa, upande wa sikio lake la kulia, nikaanza upya habari za mwaka mzima.