Kipimo si dawa

Leo nina la kuungama. Kwa kuwa hapa najidai kukosoa wenzangu, si haki kosa langu nilifiche.

Mwezi uliopita mhariri alinituma kwenye maabara moja ya hospitali hapa Dar. Dada wa maabara akafungua jokofu, akanionyesha kichupa kisichozidi kidole gumba. Akasema ndani mna kingamwili ya kutambua lisozimu ya binadamu.

"Lisozimu ndiyo nini, dada?"

"Kimeng'enya kinachoua bakteria. Kimo kwenye machozi yako, mate, kamasi, hata maziwa ya mama."

Nikaandika harakaharaka, nikapiga picha, mbio ofisini. Kesho yake habari ikatoka: kichupa cha dawa ya kuua bakteria!

Siku ya pili simu ikalia. Mama mmoja wa Mbagala, mwanawe ana kidonda cha mguu kisichopona. "Mwanangu, hiyo dawa ya kichupa shilingi ngapi? Nina elfu arobaini, nyingine nitakopa."

Jamani, nilikosa la kusema. Nikamwambia nitampigia, nikarudi maabara.

Dada hakunigombeza. Alinivutia kiti mbele ya hadubini, akaanza upya. Kingamwili ile haiui kitu. Sungura anachomwa sindano yenye lisozimu ya binadamu, mwili wake unaiona ngeni, unaunda kingamwili za kuishika. Damu ya sungura inachukuliwa, kingamwili zinachujwa. Maabara wanaidondoshea juu ya kipande chembamba cha nyama ya mgonjwa, wanaongeza dawa za rangi, na palipo na lisozimu panakuwa kahawia. Kuna seli nyeupe za damu, zinaitwa monosaiti, ambazo hubeba lisozimu kwa wingi. Kwa hiyo kipimo hiki, pamoja na vingine, humsaidia daktari kujua aina ya saratani ya damu.

Kilichonichoma ni hiki. Kila anapopima, huweka pembeni kipande cha findo la koo, ambacho anajua kina lisozimu. Kisipogeuka kahawia, kazi yote inarudiwa. Kipande kingine cha mgonjwa hakiwekewi kingamwili kabisa. Hicho kikigeuka kahawia, basi rangi inadanganya. Yeye kwa kipande kimoja cha nyama anahakikisha mara mbili. Mimi kwa gazeti zima sikupiga hata simu moja kumuuliza kama nimeelewa!

Na hata lisozimu yenyewe si dawa ya kidonda kile. Aliyeigundua ni Alexander Fleming, katika hospitali ya St Mary's, London. Mwaka 1921, akiwa na mafua, aliweka kamasi zake kwenye kisahani chenye bakteria, wakayeyuka. Akatangaza ugunduzi huo mwaka 1922. Alikuwa akiwatia watu limau machoni ili apate machozi ya kupimia. Lakini ikaonekana lisozimu inawamaliza zaidi bakteria wasio na madhara makubwa. Penisilini, iliyompa jina, aliigundua baadaye, mwaka 1928.

Jioni nikampigia yule mama. Nikamwambia nilikosea, kile ni kipimo, hakiuzwi kama dawa, na kidonda cha mtoto kikaonwe na daktari, asisubiri. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Haya mwanangu. Elfu arobaini yangu nilishaitenga, itakuwa nauli na kadi ya hospitali."

Masahihisho yalitoka mistari mitatu, ukurasa wa ndani, bila picha. Habari ya uongo ilikuwa na picha kubwa ya kichupa. Wangapi waliisoma ile, wasiione hii? Wangapi hawakuwa na vocha ya kunipigia?

Wadau, hasa mlio kwenye fani hii, mnasemaje? Masahihisho yapewe nafasi sawa na kosa, au naota?