Daftari la Wageni

Uvira haina machweo ya ziwani. Jua letu huchomozea ng'ambo, juu ya milima ya Burundi, likayapiga maji hadi mlangoni mwa mtu. Alasiri hujificha mapema nyuma ya milima ya Mitumba, mji ukaingia kivulini huku Bujumbura ikiwa bado inang'aa. Mgeni aliyekuja na hamu ya kuona jua likizama majini alikaa ufukweni akasubiri bure. Machweo ni ya watu wa Bujumbura, na wanachokitazama wao ni milima yetu. Sisi tulipewa alfajiri, na alfajiri ya hoteli ni ya wafanyakazi, maana wageni bado wamelala.

Hoteli ninayoikumbuka ilisimama karibu na maji, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kwetu Kilibula, katika miaka ya 1980, nchi ikiwa bado inaitwa Zaire. Ilikuwa nyumba ndefu ya chini, yenye bati la rangi nyekundu, baraza ya saruji iliyotazama ziwa, na payoti ya nyasi ambapo watu walikunywa bia na kula samaki. Mama Mkubwa, dada wa mama yangu, alifua mashuka na kusaidia jikoni. Likizo kubwa ya Julai na Agosti ilipofika nilimfuata kazini, mwanzoni kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu wa kubaki nami, baadaye kwa sababu nilipapenda kuliko mahali pengine popote.

Kazi ilianza saa kumi na moja. Vijana wawili walifagia mchanga. Mto Ruzizi unaingia ziwani kaskazini ya mji, na kila ulichong'oa bondeni, matete, magugu maji, vipande vya miti, upepo uliweza kukileta usiku na kukilaza mbele ya vyumba. Zilikuwapo asubuhi walizokuta kinyesi cha kiboko. Viboko hutoka majini usiku kula majani, na sentineli wetu, mzee wa koti refu la mvua, alikuwa na jambo moja asilolifanyia mzaha: mgeni, hata akiwa mkubwa namna gani, hakushuka kuoga baada ya giza. Kufikia saa moja mchanga ulikuwa safi, una mistari ya ufagio, na mgeni wa kwanza kufungua mlango alidhani kwamba ndivyo ufukwe ulivyoamka.

Mama Mkubwa alikuwa na mashuka yake. Bomba likitoa maji, alifua mapema. Lisipotoa, maji yalichotwa ziwani, yakaachwa kwenye mapipa yatulie, kwa kuwa ukifulia maji yaliyochafuka baada ya mvua shuka jeupe linageuka rangi ya chai. Maji ya kunywa yalichemshwa, yakachujwa, yakatiwa kwenye chupa. Kipindupindu kilikuwa kimeshaizoea pwani yetu na hakuna aliyethubutu kucheza nacho. Kisha ikaja pasi ya makaa. Aliitoa nje kwanza, akapuliza jivu lote, ndipo akairudisha ndani. Kazi yangu ilikuwa kushika ncha mbili za shuka wakati wa kukunja, na nilifundishwa kwamba ncha zikipishana hata kwa kidole, tunaanza upya.

Wageni wenyewe walikuwa wa aina nyingi. Wengi walitoka Bukavu, ambako baridi ya mita 1,500 huwafanya watu walale na mablanketi mazito hata kiangazi. Waliteremka mteremko wa Ngomo wakishika viti, wakapita Kamanyola, wakaingia bonde la Ruzizi na joto lake, na walipofika kwetu sweta zilikuwa mkononi. Hao ndio waliobishana na mpishi juu ya samaki. Walijisifu kwa sambaza wao wa Ziwa Kivu, na mpishi aliwangoja wamalize. Kisha akawaonyesha lumbu mbichi kwenye sinia na kuwaambia kwamba sambaza ni mtoto wa huyu, aliyechukuliwa Tanganyika na Wabelgiji kwenda kutiwa Kivu karibu na mwaka 1959. Ni kweli tupu. Kivu haikuwa na samaki wa namna hiyo katikati ya ziwa; chakula cha mamilioni ya watu kule juu kilitoka katika maji yetu. Wageni wa Bukavu walicheka, lakini wakaagiza.

Walikuwapo pia mafundi wa kiwanda cha sukari cha Kiliba, waliokuja Jumapili na familia zao. Walikuwapo wafanyabiashara waliongoja meli pale bandari ya Kalundu, ya kwenda Kalemie au Kigoma, na meli ikichelewa kwa siku nyingi walijua majina ya watoto wetu wote. Walikuwapo wakubwa wa serikali na suti zao za abakosti, walioitana sitwayeni na kuagiza kuku badala ya samaki.

Na Wajapani. Hawa hawakulala hotelini, walikuwa na kazi yao kwenye kituo cha utafiti wa ziwa hapo Uvira, ila tuliwaona pwani, kusini ya mji kwenye mawe, wamelala kifudifudi juu ya maji asubuhi nzima, na ubao mdogo wa kuandikia mkononi. Sisi watoto tuliamini wamepoteza kitu. Miaka mingi baadaye nilisoma walichokuwa wanakitazama. Mwaka 1993 Michio Hori, mmoja wa watafiti wale, alichapisha katika jarida la Science habari za samaki wa pwani yetu anayekula magamba ya samaki wenzake. Mdomo wake umepinda: wengine kulia, wengine kushoto, na kila mmoja huwavizia wenzake kwa ubavu mmoja tu. Wa kulia wakizidi, wanaowindwa hujilinda upande ule, na wa kushoto hupata nafasi. Ndipo hesabu inarudi karibu na nusu kwa nusu, mwaka baada ya mwaka. Jambo hilo sasa linafundishwa vyuo vikuu duniani kote, nalo lilikuwa linatendeka chini ya miguu yetu tulipokuwa tunaoga.

Kinachonigusa zaidi katika habari ya Wajapani ni kwamba waliandika majina ya watu wa hapa. Mtafiti wa Uvira, Nshombo Muderhwa, aliandika nao makala juu ya samaki huyohuyo mwaka 1985, na jina lake limesimama la kwanza. Mgeni anaweza kufika mahali akaona ziwa tu, na anaweza akaona pia nani yuko naye majini.

Hapo ndipo ninapofika kwenye daftari. Lilikaa mezani mapokezi, jalada gumu, kalamu imefungwa kwa uzi. Mgeni akiondoka aliombwa aandike maneno mawili. Yote yalikuwa Kifaransa, na Mama Mkubwa Kifaransa hakukisoma. Jumapili mchana, wenye hoteli wakiwa wamelala, alinikalisha kwenye ngazi ya jikoni nimsomee kwa Kiswahili. Mimi nilikuwa darasa la tano, nikijikwaa kwenye maneno marefu, na yeye hakuwa na haraka.

Walilalamikia mbu. Walilalamikia jenereta iliyozimwa saa tatu usiku. Walisifu mukeke wa kuchoma na bugali wa muhogo, na mmoja aliandika ukurasa mzima juu ya pilipili. Zaidi ya yote walisifu ziwa, kwa maneno makubwa. Mgeni mmoja alieleza kwamba usiku ameona mji mwingine juu ya maji, una taa nyingi kuliko Uvira. Zilikuwa karabai za wavuvi wa ndagala: mitumbwi iliyofungwa pamoja, taa mbele, wavu chini, na ndagala hupanda kutoka gizani kufuata mwanga. Kazi hiyo hufanyika usiku usio na mwezi. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa haufui dafu, wavuvi hupumzika na kushona nyavu. Kwa hiyo mgeni wa juma la mwezi mpevu aliandika, kwa masikitiko, kwamba usiku wa Uvira hauna kitu, na Mama Mkubwa alipolisikia hilo alisikitika kwa dhati. Alitaka mapokezi wawe wanawaeleza watu tarehe za mwezi kabla hawajalipia chumba. Hakuna aliyemsikiliza, na mpaka leo naona lilikuwa shauri zuri.

Nikimaliza kusoma, swali lilikuwa lilelile.

"Banasema nini juu ya mashuka?"

Hawakusema kitu. Nilipekua kurasa za nyuma, nikatafuta, na sikuwahi kulikuta neno shuka hata mara moja. Yeye aliitika kwa kichwa akarudi kwenye sufuria zake. Siku moja alinieleza: shuka safi haliandikwi, ukiona limeandikwa ujue lina kosa. Nikiwa mtoto nilikubali, tena niliona ni hekima. Sasa sikubali. Mtu aliyelala vizuri juu ya kazi ya mwingine ana deni la kusema, na mwenye hoteli aliyempa kalamu angeweza pia kumpa jina la kuandika.

Tabia hiyo haikuanza na wageni wetu. Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walifika Uvira Aprili 1858, kwa mitumbwi waliyokodi upande wa Ujiji, wakitumaini kwamba Ruzizi unatoka ziwani kwenda kaskazini na kwamba huenda ndiyo njia ya Nili. Watu wa hapa waliwaambia ukweli: mto unaingia, hautoki. Burton alikuwa mgonjwa, kinywa kimejaa vidonda, hata kusema kulimshinda. Aliandika mengi juu ya safari ile, lakini wengi wa wanaume waliopiga kasia hadi huku, mchana na usiku, wamebaki kundi tu katika maandishi yake.

Vita vya 1996 sitavisimulia hapa. Vina simulizi yake. Vilianzia pande zetu, Oktoba, na hoteli ilifungwa kama mengine yote. Kiliba ikasimama. Magodoro yakaenda, milango ikaenda, na daftari sijui nani aliliwashia moto. Mama Mkubwa alirudi na bakuli moja la jikoni na pasi.

Ziwa lilimaliza yaliyobaki. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika usiku, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Na kabla mji haujapumua, maji ya ziwa lenyewe yakaendelea kupanda, mwaka 2021, kisha tena 2024, yakaifunika bandari ya Kalundu na kuingia majumbani mwa watu wa pwani. Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, mbali kule Kalemie. Mvua ikizidi miaka kadhaa mfululizo, maji hayana pa kwenda. Baraza ya hoteli yetu ilisimama majini, na watoto waliitumia kurukia.

Binti wa Mama Mkubwa anaishi Kanada. Majira fulani ya baridi alikwenda na mumewe kupumzika Cancún, Meksiko, akatutumia picha: bangili ya plastiki mkononi, ambayo ukiivaa unakula na kunywa bila kulipa tena, na nyumba ndefu zilizopangana pwani. Mji huo ulibuniwa na serikali ya Meksiko karibu na mwaka 1970, kwenye ukanda wa mchanga uliokuwa hauna watu ila wachache sana, na hoteli za kwanza zilifunguliwa 1974. Katika video moja, iliyopigwa dirishani kabla ya jua, wanaume walikuwa wanakusanya kwa reki mwani wa rangi ya kahawia uitwao sagaso, ambao tangu miaka kumi hivi iliyopita hutupwa na bahari pale kwa wingi wa kutisha. Binti alitaka tuione bahari. Mama Mkubwa aliishika simu karibu na uso, akatazama mpaka mwisho.

"Hao vijana banaamka saa ngapi?" akauliza. Kisha: "Na banabalipa namna gani?"

Binti hakujua. Aliahidi kuuliza, na aliuliza kweli, kesho yake asubuhi, kwa Kihispania cha kubahatisha, akarudi na majina ya wawili kati yao na habari kwamba huanza kabla ya saa kumi na moja. Naamini ni swali bora kuliko yote aliyouliza mgeni yeyote katika hoteli ile mwaka huo.

Sasa kaka yangu anataka kujenga vyumba vinne vya wageni, Kilibula, kwenye kiwanja cha familia. Alimwendea Mama Mkubwa amwonyeshe umbali wa kutoka majini. Hakumtajia mita. Alimpeleka kwenye mwembe wa jirani, akagusa shina, akamwambia maji yalifika hapa mwaka 1964, yeye akiwa msichana, mwaka uleule waasi wa Simba walipouteka mji. Ujenge upande wa juu wa mwembe, wala usisikilize mtu anayekuuzia kiwanja cha chini kwa sababu kina sura nzuri ya ziwa.

Akaongeza masharti mengine. Mashuka jozi mbili kwa kila kitanda, moja ikiwa kwenye kamba nyingine iwe kitandani. Tarehe za mwezi ziandikwe mapokezi. Majina ya watu wa kazi yabandikwe ukutani, karibu na bei, yule anayefua akiwa wa kwanza. Kaka amekubali mashuka na amekubali mwezi. Juu ya majina bado wanabishana, ingawa matofali yameshaanza kuchomwa.