Upendo Ushikao Jembe

Neno "upendo" twalisikia kila Jumapili, wala si vibaya tulisikie. Lakini ninyi wasomaji mlio wakulima mwajua ya kuwa magugu hayaondoki kwa kuhubiriwa. Yakobo, katika mlango wa 2 wa waraka wake, awakemea wale wamwambiao ndugu asiye na nguo wala chakula aende salama, akaote moto na kushiba, nao hawampi kitu. Nadhani angaliyafahamu vema mazishi ya kwetu.

Mimi nalima mahindi karibu na Kitale. Huku twapanda mvua za Machi na Aprili zinapoanza, nasi twavuna tangu Oktoba. Mahindi yakiisha kuota, yafaa palizi ya kwanza ifanywe katika majuma mawili au matatu. Ukichelewa, magugu hula mbolea yako, na mavuno hupungua sana. Mauti hayaiangalii kalenda hiyo. Mwaka mmoja jirani yangu alifariki mwanzoni mwa Mei, akamwacha mkewe na watoto 4, na shamba la ekari 2 ambalo mahindi yake yalikuwa yamefika kimo cha shubiri moja.

Kamati ya mazishi ilifanya bidii, sikatai. Fedha zilichangwa kwa simu, hema zikasimamishwa, vipaza sauti vikaletwa, ng'ombe akachinjwa. Wasemaji walikuwa wengi hata jua likapunga, na kila mmoja alimwambia mjane, "Mama, tuko pamoja nawe." Kesho yake hema ziling'olewa, kamati ikavunjwa, na mama huyo akabaki na magugu yake.

Simlaumu mtu kwa kusema. Mfiwa huhitaji kusikia sauti za watu, na hata mzee wetu mmoja wa kanisa, ambaye hotuba zake ni ndefu kama reli ya Mombasa, alinena vema siku ile. Ila neno la faraja ni kama hati ya deni: aliyeitia sahihi yampasa kulipa.

Waliolipa ni akina mama 5 wa kanisa letu. Walifika Jumatano alfajiri, majembe mabegani, pasipo kutangaza. Mmoja wao alikuwa na kesi ya mpaka na marehemu, kesi ambayo ilikuwa imekwisha kula miaka mitatu na fedha nyingi. Nilipowaona nikawaita wanangu wawili, tukaingia nao shambani. Wakati wa kupumzika nilimwuliza mama yule kwa sauti ya chini, "Mama, na ule mpaka je?"

"Mpaka uko mahakamani, Mzee," akajibu. "Magugu yako hapa."

Siku ya tatu shamba lote lilikuwa safi. Mahindi yalipofika magotini tukarudi kutia mbolea ya kukuzia, na mfuko mmoja ulitoka katika ghala ya mama yuyo huyo.

Mwezi wa Novemba mjane alivuna magunia 28. Akaweka chakula cha watoto, akauza mengine kwa ajili ya karo ya Januari, na gunia moja akalipeleka kwa yule mama, naye akalipokea kwa mikono miwili. Juma lililofuata walipanda matatu moja kwenda mahakamani, kila mmoja na karatasi zake.