Mutuashi: kuiga, kufuata wazee na kucheza cha kwako

Tulipoombwa kuandika kitu juu ya desturi za wazee wetu, wenzetu walifikiri tutaandika juu ya mahari ao matanga. Tumechagua mutuashi, ngoma ya Baluba wa Kasai, ile inayochezwa kwa kiuno. Wako watakaosema: mwalimu muzima anaandika juu ya viuno! Lakini ndani ya ngoma hii kuna swali linalotusumbua tangu utoto: mtu anayecheza kwa kuiga, anacheza desturi kweli, ao anacheza kivuli chake tu?

Tuiseme kwanza kama mama yetu alivyoicheza. Kikwembe alikifunga chini ya kiuno. Magoti alilegeza, miguu ikaenda hatua fupi fupi, kifua na mabega vikatulia kama vya mtu aliyebeba maji kichwani. Kazi yote ilikuwa kiunoni, na kiuno kilikuwa kinajibu ngoma. Ngoma ikinyamaza, nacho kinanyamaza. Hapo ndipo wengi wanashindwa, kwani kusimamisha kiuno ni vigumu kuliko kukizungusha.

Tulizaliwa Likasi, wazazi wetu wakiwa watu wa Kasai. Siku za sikukuu mama alicheza uani pamoja na bamama wengine. Kiisha mwaka 1992 ukafika. Wasomaji wetu wanajua yaliyopita: watu wa asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao, wengi wakalala ku gare ya Likasi wakingoja treni. Sisi tulikimbilia kwa mjomba, Lubumbashi. Tulikuwa na miaka 11. Tangu siku zile mama hakucheza tena, na hata Tshiluba alikisema kwa sauti ya chini.

Basi, nani alitufundisha? Kaseti. Jirani mmoja alikuwa na video ya Tshala Muana. Tulikaa chini mbele ya televizyo, tukarudisha kipande kile kile, tena na tena, mpaka mwenye nyumba akatufukuza. Kila alipocheka Tshala, nasi tulicheka pale pale.

Na Tshala mwenyewe? Alizaliwa Lubumbashi mwaka 1958, mbali na Kasai. Huko Kinshasa, miaka ya 1970, alianza kama mchezaji nyuma ya M'Pongo Love. Baadaye alifika Abidjan na Paris, akaipeleka mutuashi mbele ya magitaa na taa za jukwaa, mpaka watu wakamwita Malkia wa Mutuashi. Alifariki Kinshasa tarehe 10 Desemba 2022. Kwa hiyo hatuwezi kudharau kuiga. Mkono wa mama ulipotuachia, kaseti ndiyo ilitushika.

Mwaka 2023, kwa sherehe ya mwisho wa mwaka wa masomo, tulitaka wasichana saba wa shule yetu wacheze mutuashi kwa kumukumbuka Tshala. Walijifunza kwa telefone, kama sisi kwa kaseti. Siku moja tulimleta mama, ambaye amepita miaka 70. Aliangalia mpaka mwisho, kiisha akaita msichana wa mbele.

— Mwanangu, ile kiuno ni ya Tshala. Yako iko wapi?

Wasichana walicheka. Mama hakucheka. Alisimama, akaomba mpiga ngoma apige polepole, akacheza kwa muda wa dakika moja hivi. Ilikuwa kitu kidogo kabisa, kidogo kuliko vile walivyocheza watoto. Sisi tulitoka inje kwanza, juu ya machozi.

Kuanzia hapo mazoezi yalibadilika. Msichana mmoja, Musanga, alitia kati mguu fulani wa kukanyaga aliouona kwa nyanya yake. Baba yake alikuwa amekwisha kuja kutuuliza kwa nini mtoto wake anacheza ngoma ya watu wengine. Jibu letu halikumuridhisha sana, lakini hakumutoa. Sasa mwalimu mwenzetu naye akalalamika: mguu ule ni wa kigeni, unaharibu desturi.

Tulimujibu kwa mfano wa Misri, kwa sababu nao wana ngoma yao ya kiuno na tumbo, na wanabishana vile vile. Badia Masabni alifungua jumba lake la ngoma Cairo mwaka 1926. Mmoja wa wachezaji waliotokea pale alichukua hatua za ngoma ya Brazil iliyoitwa karioka, akazichanganya na za kwao, mpaka jina likamubakia: Tahia Carioca. Alifariki mwaka 1999, na Wamisri wanamuhesabu kati ya wachezaji wao wakubwa kabisa.

Si kusema kila kitu kinaingia. Msichana mwingine alileta ndombolo, akashuka mpaka chini, tulikataa. Ndombolo tunaipenda (hata sisi walimu, tusidanganyane), lakini aliposhuka alikuwa hasikii tena ngoma, na ngoma ilikuwa imekwisha nyamaza. Ule mguu wa Musanga ulikuwa unaisikia. Mpaka wenyewe ni huo, na hatuna rula ya kuupima.

Walicheza siku ya sherehe, mguu ule ukiwa ndani. Jumamosi iliyofuata mama aliomba tumuletee msichana nyumbani, amuonyeshe vizuri namna ya kukanyaga. Alijaribu mara mbili, goti likakataa. Akakaa, akatuma mtoto akamuletee kikwembe kingine, kile kizito, kiisha akajaribu tena.